Slaida, Mawe na Haya ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti

Dawa ya macho kabla ya kazi. Tone moja kila jicho, ndivyo alivyosema daktari. Baba akasema haya, nikakamua tena, ikatiririka mpaka ndevuni. Akanung'unika kwamba namwogesha. Kila asubuhi ni hivyo. Nampenda, lakini ni mgonjwa msumbufu.

Presha ya macho imemla pembeni zote. Anaona mbele tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Wiki iliyopita daktari hakutaka kusema hicho kilichobaki kitakaa muda gani. Leo akaweka kikombe chini na kusema anataka kwenda kwa Njoroge.

Njoroge ni mwenzake wa machinjioni hapa Dagoretti. Zaidi ya miaka thelathini Baba alichinja, Njoroge akachuna. Mmoja Mwislamu wa Mombasa, mwingine Mkristo wa Kikuyu, na hakuna ndugu wa damu aliyempita kwa Baba. Sasa Njoroge anafuga mbuzi bondeni, nyuma ya milima ya Ngong. Miguu imemkatalia, hatoki. Huongea na Baba kwa simu kila Jumapili. Nikamkumbusha hilo.

"Sauti yake ninayo," akasema. "Nataka sura."

Nikaenda kazini nimechelewa.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo ni njia. Masika yalizoa udongo wote, yakabaki mawe. Juni tulijaribu, nikakwama kona ya kwanza. Kile kikanyagio cha ubavuni, bomba jembamba la kupambia gari, kilibanwa na jiwe kikajikunja juu, mlango wa Baba ukagoma. Akatokea upande wangu, kanzu imempanda magotini. Tukarudi. Pikipiki hata sitaki kusikia. Mzee wa miaka sabini na minne na bakora yake!

Jumatano, 6 Agosti

Saa ya chakula nikaenda mjini, kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Vikanyagio vipya vinang'aa mpaka unajiona meno. Nikavitamani, nisijidanganye. Nikaliona akilini gari letu limeegeshwa pale kliniki ninakofanya kazi, Lavington, kwa mara moja lisinitie aibu.

Nikampigia Baba. Akauliza swali moja tu: vimeshikwa na nini? Muuzaji akasema na bodi, hapa chini ya mlango, sawa na kile kilichojikunja. Baba akakata simu. Maana yake niondoke.

Nimenuna mpaka jioni. Najua ana haki, ndiyo maana nimenuna.

Jumamosi, 9 Agosti

Kwa Oti, fundi wa kuchomelea. Baba amevaa vizuri kana kwamba tunaenda kuposa.

Oti akasema tunachohitaji ni slaida. Baba akaudhika. Kumbe alifikiri ni zile patipati ambazo vijana huvaa na soksi. "Tumekuja kwa gari, mwanangu, si kwa miguu yangu." Oti alicheka akaketi kwenye tairi.

Akaeleza vizuri, nami naandika nisisahau. Bomba nene, si kopo. Lishikwe na chesesi, ile fremu nzito ya chini, si bodi, kwa miguu minne kila upande. Likae juu karibu na mlango, lisining'inie. Mwisho wa nyuma lipinde kwenda nje, ili jiwe lisukume mkia wa gari mbali kabla halijafika kwenye bodi.

"Madam, step ni ya kupanda. Hii ni ya kugongwa," akasema. "Ukitoka huko bila mchubuko, jua hukuitumia."

Baba akataka juu pawe bapa, mguu wake upate pa kukaa. Oti akaongeza wazo lake: ukingo upakwe rangi ya njano, mzee auone. Nilitaka kumkumbatia huyu kijana na mafuta yake yote.

Ijumaa, 15 Agosti

Zimekamilika. Oti akaweka jeki chini ya slaida, akainua gari zima kutoka hapo. Kisha akafungua mlango na kuufunga. Ukafunga vizuri. Baba akaomba afanye tena. Akafanya tena.

Ni mbaya kwa sura. Nyeusi, nene, mstari wa njano. Nimezipenda.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya.

Tulienda kufanya mazoezi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, kupita Karen. Mimi usukani, Baba mbele kwa miguu, aniongoze. Mawe yako mbele, na mbele anaona. Hesabu yetu ilikuwa nzuri.

Akaita, "Leta, leta, leta." Nikaleta. Akasema, "Haya." Nikaongeza. Bampa likavaa jiwe.

"Nimekwambia haya! Mbona waja?"

Nami ndiyo maana nilikuja! Haya si twende? Tukabishana katikati ya mawe, yeye na bakora, mimi na kichwa dirishani. Kisha nikasema neno ambalo ningelirudisha mdomoni kama ningeweza. "Kama huoni, sema huoni."

Alipapasa slaida kwa mguu, akapanda, akafunga mlango polepole.

Nyumbani amekula kidogo. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na moja na nimemwambia baba yangu hivyo. Nina adabu gani?

Nimekwenda kumwomba radhi kabla ya magharibi. Akasema kesho, akitaka nisimamishe gari, tutatumia neno "simama". Hayo tu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Baada ya swala ya alfajiri nilimkuta tayari ndani ya gari, kofia yake ya vito, ile ya kutariziwa, kichwani, chupa ya chai mapajani. Ngong kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mwanzo wa mteremko nikapunguza upepo kwenye matairi, nikaweka gia ndogo. Baba akashuka akatangulia.

Nimejifunza kwamba jiwe hulipitishi katikati ya matairi. Unalipanda. Mwili wote unakataa lakini unalipanda. Na kona nyembamba unaanzia mbali, maana tairi la nyuma hukata ndani. Leta, simama, kata kushoto, leta. Kona tatu tulipita hivyo. Nikaanza kujisikia dereva.

Kona ya nne inapinda kushoto. Kushoto jiwe kubwa, kulia kwa mbele korongo. Baba alichelewa kuliona lile jiwe. Akashtuka, akasahau neno letu, akapiga kelele, "Haya! Haya!"

Mguu wangu ukasikia twende.

Gari likapanda, likateleza, likatua kwa ubavu wa kushoto. Mlio ule uliniingia mpaka kwenye meno. Likakaa juu ya jiwe, tairi la mbele kulia likining'inia. Niliogopa. Niliogopa sana. Niliona tumemaliza gari, na kwamba Baba hataiona ile sura.

Akaja kwa bakora. Cha kwanza akashika mlango wa kushoto. Ukafunguka. "Umefunguka," akasema, kama anayepokea habari ya mtoto kuzaliwa.

Kisha akainama. Akatazama tairi la mbele. Akasogeza kichwa, akatazama slaida. Akasogeza tena, la nyuma. Kipande kwa kipande, bila haraka. Mwenye macho mazima angetazama mara moja na kukisia. Akasema nisilikimbie jiwe. Nikate kulielekea, chuma kiegemee, mkia utajisukuma wenyewe. Nikakata. Chuma kikalia, gari likazunguka juu ya jiwe pole kabisa, matairi yote yakashika chini. Nikazima injini nikalia kidogo. Baba akajifanya hakuona.

Njoroge alikuwa ameketi nje, blanketi magotini. Amekonda. Baba hakusalimu. Alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga, akamtazama kama alivyotazama matairi. Paji la uso. Jicho hili. Jicho lile. Kovu la kidevuni.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe hujaona kioo," Njoroge akajibu.

Wakashikana mikono wasiachiane mpaka chai ikapoa. Nikaenda kukagua slaida ambazo hazikuhitaji kukaguliwa.

Baadaye nikasimulia ya kona ya nne, nikitaka kushtaki. Njoroge akacheka mpaka akakohoa. "Wewe msichana, hujui haya ya baba yako? Huyu akisema haya, ile kazi imeisha. Kisu imetosha. Mtu asiongeze mkono hapo, utaharibu nyama. Mimi nimeisikia hiyo haya miaka yote."

Arobaini na moja, nyumba moja, na sikujua. Mchuna ngozi alijua.

Kupanda kurudi, kona ileile, Baba alitangulia. "Leta, leta. Haya." Nikasimama palepale. Akageuka kunitafuta kwa kile kibomba chake cha macho. Akatabasamu.

Jumanne, 19 Agosti

Mlinzi wa kliniki amenionea huruma. Ubavu wa kushoto rangi ya njano imekwisha, chuma kitupu kinaonekana. Anamjua mtu wa kupaka. Nimekataa kwa adabu. Jioni Oti akapitisha kidole kwenye mchubuko. "Imefanya kazi, madam." Nimemruhusu apake ukingo wa juu tu, mahali pa mguu wa Baba.

Jumatano, 20 Agosti

Manyunyu. Dawa kabla ya kazi. Jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Haya," akasema.

Nikaondoa mkono.

Hakuna kilichomwagika. Alifumba macho, akabaki ameinua uso hivyo, nikamfuta ndevu hata hivyo.