Vinywaji vya Keki vya Wageni Wako

Mke wa mwanangu,

Vile vinywaji vyako vyenye ladha ya keki, leo uvitengeneze mwenyewe. Kwenye glasi ndogo tanguliza pombe ya chokoleti, kisha vodka ya vanila, uimwage taratibu mgongoni mwa kijiko. Ukiharakisha utawanywesha wageni matope.

Asubuhi nilikusikia kwenye simu: "Yule bibi kizee nitamfungia chumbani, asinitie aibu." Kumbe! Kila karamu nachanganya mimi, unasifiwa wewe, halafu aibu ni uso wangu?

~~Nitarudi jioni nikusaidie.~~ Sirudi. Nalala kwa dada yangu.

Ufunguo wa chumba changu huu hapa, funga mpaka uchoke. Na chupa ya vodka ya vanila usisumbuke kuitafuta. Nimetoka nayo.

Mama mkwe wako