Colle ya Sébastien ku kamyo ya Libérata

Dada Natacha, ule Sébastien mwenye kujiita fundi wa kamyo za miniature huku Masisi, leo amejivua nguo!

Ile kamyo kidogo ya chuma, yenye marehemu bwana ya Libérata alimuletea toka Hombo. Essieu ya mbele tu, kale kachuma kenye kushika magurudumu, njo ilivunjika, Libérata akamupa atengeneze. Essieu moja!

Leo anairudisha kisha misa, mbele ya bamama bote: "Mama Libérata, iko mupya."

Libérata anaisukuma ku meza. Haitembei. Anaisukuma tena. Haitembei! Ule mujinga amebandika magurudumu yote ine na colle, gundi ya nguvu.

Unajua alijibu nini? "Mama, iko ya kuangalia, haiko ya kutembeza." Ya kuangalia!!

Nilizani Libérata atalia. Hapana. Aliomba Hélène, mumoja wa bale bamama, dawa ya kutoa vernis, ile rangi ya kucha, akalowanisha ile colle polepole mupaka ikaachia. Akakata rayon, kachuma ka gurudumu ya velo ya zamani, akaipitisha mu chasi na mu magurudumu ya mbele, njo ikakuwa essieu.

Kamyo ikatembea meza nzima, ikasimama mbele ya Sébastien.

Libérata akamuambia: "Papa, irudishe huku. Sukuma tu. Usibandike kitu."