Uzi wa Damo katika Vazi la Hera

Elis, siku ya tatu ya mwezi wa Parthenios

Kwa Mama Mnasila, mshauri wetu sisi wafumaji,

Shikamoo mama. Naomba unisaidie maana nimebeba jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa nyumbani, mimi ni mmoja wa wale wanawake kumi na sita tunaomfumia mungu wetu Hera vazi jipya, na binti yangu Damo alikuwa akimbie mwaka huu katika mbio za wasichana kwenye sikukuu ya Hera, lakini homa ilimchukua wakati wa kuvuna shayiri, na gauni lake fupi la kukimbilia limebaki na vumbi la uwanjani, sijalifua. Kabla ya kukimbia alikuwa ananishikisha kibanio chake cha nywele, akirudi anasahau kukichukua. Juzi nilifumua uzi kwenye pindo la gauni lile nikaufuma katika vazi la Hera, ili mwanangu naye afike Olympia. Bi Filumena anayekaa karibu nami akauona.

"We Timandra, uzi gani huo umechakaa hivi? Siku hizi Hera tunamvika matambara?"

Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini tulijitakasa kwa maji ya chemchemi kabla ya kugusa kazi hii, na kitu cha marehemu hakiruhusiwi pale. Vazi linapelekwa hekaluni Olympia baada ya siku nne. Nikiutoa uzi, naona kama namzika mara ya pili. Nifanye nini mama?

Timandra

Marahaba Timandra, pole mwanangu. Nimelia, halafu nimekasirika. Wenzako kumi na watano wataandamana mbele ya Hera wakidhani vazi ni safi, na wewe unajua si safi. Kesho asubuhi, kabla hamjakaa kufuma, waambie. Usizunguke. Filumena atafoka, mwache afoke. Ana ulimi mrefu, lakini naye alizika mtoto. Kisha fumua uzi huo kwa mkono wako mwenyewe, na mjitakase upya nyote.

Sasa nisikilize. Damo hakuwa mfumaji, alikuwa mkimbiaji. Shona pindo, fua gauni, umpe msichana asiye na la kukimbilia, na umwambie lilikuwa la nani, usifichefiche tena! Usimtake akimbie kama Damo, akimbie anavyoweza. Wewe simama mwisho wa uwanja, uite jina la mwanao mpaka sauti ikauke. Pale hakuna wa kukukataza.

Mimi miguu hainifikishi tena Olympia. Wasichana wakishajipanga, nikumbuke.

Mnasila