Susu, Kimari Kimetoka Zizini

Susu yangu mpendwa,

Hukunizaa wala hukumzaa mama yangu, lakini mimi Mkamba wa Machakos nilikuita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu huku, nawe ukaitika. Najua umelala udongoni miaka kadhaa sasa. Nakuandikia hivyo hivyo, maana habari hii nikikaa nayo peke yangu nitapasuka!

Unakumbuka likizo ile mjukuu wako Elina, mwenzangu wa chumba chuoni, aliponileta kijijini kwenu huko Urusi? Kirusi changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Asubuhi nikakufuata zizini, kwa sababu nimekulia na ng'ombe na kukaa bure siwezi. Ulimkamua yule mwekundu ukimwongelesha kwa upole, na ulipomaliza ukamwambia, "Tau." Nikajua hiyo ndiyo asante.

Mchana mwanao, babake Elina, akanipa maziwa mezani. Nami kwa madaha, "Tau!" Haiya! Meza nzima ikanigeukia. Elina akanitafsiria yote kwa kunong'ona: kumbe hicho hakikuwa Kirusi. Kilikuwa Kimari, lugha yenu wenyewe Wamari, na miaka yote hiyo ulikiongea na ng'ombe peke yake. Shuleni mliadhibiwa na kuchekwa kwa ajili yake, mkaambiwa mtu wa maana huongea Kirusi, ukaapa wanao hawataaibishwa hivyo. Mwanao akafoka, "Mama, lugha ya zizini usituletee mezani!" Nikakumbuka kibao nilichovishwa shingoni darasa la tatu kwa kuongea Kikamba, na hasira ikanipanda hadi masikioni.

Lakini wewe! Ulicheka hadi machozi, ukanijibu kwa Kimari, maneno mengi ambayo sikuelewa hata moja. Ndipo Elina, mtu mzima wa miaka ishirini, akauliza polepole, "Bibi, umesema nini? Nifundishe." Kesho yake tulikuwa watatu zizini.

Haukupita muda ukatuacha. Niliogopa, Susu, niliogopa kwamba umeenda na Kimari chako.

Sasa sikia. Shule ya kijiji ilikuwa imeanza kufundisha Kimari baadaye, na ilipoacha, Elina alianza kukifundisha jikoni kwake kila Jumapili. Walikuja watoto wawili, mmoja wao bintiye. Siku hizi viti havitoshi, wengine wanakalia ndoo. Jumapili iliyopita alinipigia simu ya video nikitwanga mahindi ya muthokoi, akasema, "Angalia nani yuko pale nyuma." Nikaona mzee wa mvi amejikunja kwenye kiti cha mtoto, daftari mkononi. Mwanao, Susu! Yule yule! Anasoma kwa kukwamakwama, na mjukuu wake wa miaka sita anamsahihisha bila huruma. Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio.

Somo lilipoisha alienda kaburini kwako, Elina akimfuata na simu ili nami nione. Akavua kofia. Akakuita mama kwa Kimari, kwa sauti kubwa, watu wakipita na kusikia.

Umeshinda, Susu. Pumzika kwa raha zako.

Mjukuu wako wa Machakos.