Majarida ya Vifua Uliyoniachia

Mzee wangu Athumani,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa naitazama, maana wewe ulikuwa huningoji nimalize, unaitikia niko katikati. Leo nimefika mwisho wa neno peke yangu.

Uniwie radhi mwandiko. Shule nilikoishia unakujua, na ni wewe uliyenirudishia kalamu mkononi, pale kwenye meza yako ya vitabu barabarani, Marshalltown, ukinituma niandike bei kwenye vikaratasi vya vitabu. Nimechoka, Mzee. Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata kulia nako nimechoka. Arobaini yako tumeisoma, pilau nilipika mimi. Watu wakala, wakasema marehemu alikuwa mtu wa watu, wakaondoka na nyama kwenye vifuko. Mimi nikabaki na masufuria.

Mahali pako amekaa kijana Mkongo, anauza chaja na vioo vya simu. Ana adabu. Polisi wa jiji wakitokea ananisaidia kukimbiza jiko. Lakini nikiinua macho kutoka kwenye karai la sambusa naitafuta kofia yako, nakutana na chaja.

Na wazee wako, wale wateja, bado wanakuja. Yule mzungu wa koti la kahawia, yule Mhindi wa miwani minene, yule mwalimu mstaafu wa Soweto anayevaa tai hata Jumamosi. Wanasimama mbele ya chaja wamepotea. Halafu wanakuja kwangu, wananunua sambusa wasiyoitaka, ndipo wanauliza, "Yule mzee wa vitabu, leo hakuja?" Mimi ndiye ninayewaambia. Yule mwalimu alisimama na sambusa yake mpaka ikapoa. Akasema, "Eish, mama." Basi. Nikamfungia nyingine ya moto.

Unakumbuka nilivyokuwa mjinga? Miaka naketi pembeni yako, naona mtu anakuja, anapekua vitabu vya mapishi, halafu anasema kwa sauti ndogo, "Una chochote cha afya?" Wewe unainama chini ya meza, unatoa kitu, unageuza jalada ndani, unakifunga kwa gazeti la siku hiyo. Nikadhani unamfungia mtu samaki. Baadaye ukawa unakwenda kuswali adhuhuri, unaniachia mimi nifunge. Nikayaona ndani. Wanaume wamevaa vichupi, vifua kama milango, wamepakwa mafuta, mmoja ameegemea nguzo kama anayengoja basi. Wewe uliyaita majarida. Mimi niliyaita vitabu vya vifua.

Na mimi nina Idi wangu, wakati ule kidato cha pili, mwembamba kama ufagio, sahani ya ugali anaizungusha tu. Nikakwambia, "Mzee, niuzie kimoja cha hao wenye vifua, mwanangu akiwaona labda atakula." Ukanitazama mpaka nikajiangalia nguo. Ukauliza, "Mama Idi, una hakika?" Nikasema nina hakika, wewe vipi? Ukacheka mpaka kofia ikaanguka, ukakataa pesa yangu. Nikampelekea mtoto jarida. Akalishika kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Asante, Mama," kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Na kweli usiku ule alikula. Nikajisifu kwako kesho yake, nawe ukageuka ukajifanya unapanga vitabu.

Ulingoja miaka kunieleza. Siku ile ya mvua, tumejibanza chini ya turubai, ndipo uliponihadithia kazi yako ya kwanza mjini hapa, kufagia studio ya mpiga picha mzungu, ghorofa ya juu. Vijana wa kunyanyua vyuma walikuja kupigwa picha, na nguzo ile ya kuegemea ilikuwa ya plasta, wewe ndiye uliyekuwa ukiipaka chokaa. Majarida mengine yalitoka ng'ambo kwa posta. Juu yameandikwa ni ya wapenda afya na wachoraji. Ukasema, "Mji mzima ulijaa wachoraji, Mama Idi, na hakuna aliyekuwa na penseli." Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana ulikuwa huchekeshi. Ukanieleza kuhusu mtu wa shamba huko mbali, hajui kama duniani yupo mwingine kama yeye. Siku anapata jarida, anaona kwamba ni la mwezi huu, na la mwezi uliopita lilikuwepo, na nyuma kuna tangazo la kuagiza mengine. Anajua basi wapo wanaoagiza. Hata kama hatawaona maisha yake yote.

Halafu askari wakaanza kufungua vifurushi posta. Mzungu wako akaingia hofu, akakuagiza uchome kila kitu uani. Ukachoma magazeti ya zamani ndani ya pipa, majarida ukayabeba mpaka chumbani kwako Jeppe. "Moshi hausomeki," ukaniambia. Siku zile za ubaguzi, mtu mweusi hatembei mjini bila pasi! Mtu mweusi akikutwa na picha ya mzungu nusu uchi, unadhani angeulizwa swali? Nikakuuliza, kwa nini ulijitia hatarini kwa ajili ya makaratasi? Ukanijibu, "Na mimi nilikuwa mmoja wa wachoraji." Ukaniomba nikumiminie chai. Nikakumiminia, nikakuongezea sukari.

Lako nililipokea hivyo, kwa sukari. La mwanangu lilinishinda. Idi alipokuja kuniambia nilikuwa nasonga ugali. Akasema, "Mama, mimi napenda wanaume. Lakini si unajua? Si ulinipa mwenyewe lile jarida?" Mzee, maskini, mtoto alikuwa ameishi miaka yote akidhani mama yake anajua na yuko naye. Na mimi nilitaka ale tu. Nikaendelea kusonga, mwiko mkononi. Nilichoweza kusema ni, "Kaa ule." Akakaa. Akala. Akaona usoni mwangu kwamba sikuwa najua kitu. Mwisho wa mwezi akahamia Bertrams, chumba karibu na uwanja wa mpira.

Sikumfukuza. Lakini sikumjibu. Ananirushia muda wa maongezi, nikipiga anasema, "Niko sawa, Mama." Bertrams si Ulaya, kwa miguu nafika. Nimeshatoka na bakuli la wali mara ngapi, nikafika kwenye robot ya kuvukia barabara, taa ikawa kijani kwangu, nikasimama mpaka ikarudi nyekundu, nikageuka nyumbani. Naogopa atanifungulia mlango niseme tena "kaa ule." Wewe uliniambia, "Mtoto hakukuletea kesi uihukumu, alikuletea habari. Habari hujibiwa." Nikakwambia nitajibu. Ukafa kabla sijajibu. Kwenye mazishi yako Idi alibeba jeneza, akanibusu mkono mbele ya watu, akaenda zake.

Sasa nikwambie ya sanduku. Baada ya arobaini mpwa wako Shabani alikuja kutoka Durban kumaliza chumba chako. Mtu mzuri, anafanana na wewe masikio. Nikamfungulia, tukapanga nguo zako za kugawa. Akalivuta sanduku kutoka mvunguni, akafungua, akaruka nyuma kama ameona nyoka. "Astaghafirullah! Mama Idi, mzee mzima na picha za wanaume!" Akatoka mpaka duka la spaza, akarudi na chupa ya mafuta ya taa. Akasema kwa upole kabisa, "Tumsitiri marehemu. Tuchome, na tusiseme kwa mtu."

Kukusitiri, Mzee. Mimi niliyekufungia majarida miaka yote ile, jalada ndani, nisijue kukusitiri ni nini?

Shabani alishabeba sanduku mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Weka chini. Si ya marehemu hayo. Ni ya mwanangu."

Akanitazama. "Idi?"

"Kwani ninaye mwingine?"

Nilishika fremu ya mlango. Nilijua neno hilo litapanda basi la Durban, litavuka mpaka, litafika kwetu Tanga kabla ya Ijumaa, na dada zangu watalipokea wakiwa wameketi. Lakini lilishatoka, na nilishangaa halikuniunguza mdomo. Shabani akaweka sanduku chini. Akafunga chupa yake. Akasema, "Pole, Mama," kama mtu anayempa pole mfiwa. Nikamwambia, "Usinipe pole. Mtoto wangu mzima." Akavunga kama hakusikia, akachukua kofia zako mbili na tasbihi, akaondoka. Mafuta ya taa aliniachia, nayapikia.

Kwa hiyo nimekudanganyia uongo mmoja, nikasema ukweli mmoja, kwa mdomo uleule. Uniombee.

Majarida yako yako chini ya meza yangu sasa, nyuma ya ndoo ya unga. Yule mwalimu alirudi wiki hii. Sikungoja aulize. Nikainama, nikatoa, nikageuza jalada ndani, nikafunga kama ulivyonifundisha. Alipotaka kulipa nikamwambia lipia sambusa tu. Akanyoosha tai yake, Mzee. Kila mmoja atapata lake, mpaka sanduku liishe. Hiyo ni ahadi.

Ahadi ya pili ni hii. Nilipogeuza godoro la Idi nililikuta lile jarida nililompa. Alilisahau, au aliniachia, sijui. Jumapili ninampelekea, na wali wa nazi. Kwenye robot sitasimama. Na hili sitalifunga kwa gazeti. Nitalibeba mkononi, jalada nje, na njiani akinicheka mtu nitamwambia ni la mwanangu, nataka ale. Akifungua mlango nitampa mara ya pili. Safari hii najua ninachompa.

Lala, Mzee wangu. Mwanga wa kaburi lako uwe mpana.

Mimi binti yako,
Mama Idi