Jina Nililoliacha

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hapa Ibra wazima, alhamdulillahi. Babu yako mguu umempoa, na falaji, mfereji wetu wa shamba, imerudisha maji, mitende inakunywa. Tumefurahi kusikia fidla yako imekufikisha kwenye okestra.

Umeniuliza kwa nini humo mweusi ni wewe peke yako, na wenzio wako wapi. Wallahi swali lako limenichoma, maana mmoja nilimwacha mimi.

Miaka ya themanini nilikuwa nikisomesha skuli ya wasichana hapa. Wakaja wageni kutoka Maskati kutafuta watoto wa kufundishwa muziki wa Kizungu, wakanitaka niwape majina. Darasani mwangu alikuwamo Zuwena, mtoto wa jirani yetu, nao wametoka Unguja kama sisi. Akiusikia wimbo mara moja tu, anauimba wote bila ya kukosea. Lakini alikuwa mweusi, na mimi nilikuwa nataka sana watu wa hapa wanihesabu Mwarabu mwenzao. Nikaandika watoto sita, weupe watupu.

Wageni wakaniuliza, "Ndio wote?"

Nikasema, "Ndio wote."

Zuwena alikuwa amekaa mbele, ananitazama. Na bibi yangu mzaa mama, Salma uliyepewa jina lake, alikuwa mweusi kuliko yeye.

Juzi nimekutana na Zuwena sokoni, sasa naye ana wajukuu. Akanambia, "Shikamoo, mwalimu. Nasikia Salma anapiga fidla. Mwambie asiache."

Marahaba yake sikuistahiki, lakini salamu zake nakufikishia: usiache.

Bibi yako