Hata Baba Hakuwa Mlevi

Jumatatu, 3 Machi
Nilichuma shamba la chini tangu asubuhi. Baridi. Kisha kile kitu kikarudi. Macho yakacheza, miguu ikawa kama ya mtu mwingine. Nilikaa chini katikati ya michai. Ulimi mzito. Jirani alipita, akaangalia, hakusimama. Najua alichofikiria.

Jumapili, 9 Machi
Nimeanguka kanisani nikiongoza wimbo. Mbele ya watu wote. Pasta alinifuata nje.
"Rael, kaa nje ya kwaya mpaka uache hiyo pombe."
Sijawahi kuonja pombe. Nimelia chooni. Nina hasira.

Jumatano, 12 Machi
Senge, dada wa baba, amekuja kutoka Sigor. Nilimweleza yote. Akaweka kikombe chini.
"Baba yako pia alishikwa hivyo. Inapita, anarudi kukamua ng'ombe. Wakamwita mlevi, na hata busaa, pombe ya sherehe, hakugusa."
Alizikwa na hilo jina. Nilikuwa mdogo. Nililiamini.

Ijumaa, 21 Machi
Longisa, hospitali. Daktari hakunusa pumzi yangu. Aliuliza inaanza vipi, nani mwingine kwa familia. Nikamtaja baba. Akaacha kuandika.
Anashuku jeni moja, ile inayotengeneza milango ya kupitisha kalsiamu kwa seli za ubongo. Mlango ukiwa na kasoro, mwendo unavurugika, hasa ukichoka au ukiwa na wasiwasi. Wengine jeni hiyo huwaletea kipandauso kikali, wengine kifafa. Damu itapimwa mbali. Dawa nianze sasa, ile ile wanayopewa wenye presha ya macho.
Mtoto anaweza kurithi. Nina binti mmoja tu, Chela. Naogopa.

Jumapili, 6 Aprili
Tangu nianze dawa, vidole vinakufa ganzi. Soda imekuwa na ladha ya ajabu. Lakini sijashikwa tena.

Jumanne, 10 Juni
Majibu. Ni hiyo jeni. Nilimpigia Senge.
"Kumbe alikuwa mgonjwa," akasema. Akaanza kulia.
Nilidhani nitafurahi. Nimechoka tu.

Jumapili, 15 Juni
Pasta alisoma majibu yangu, akaniomba msamaha mbele ya kanisa. Senge naye akasimama, akataja jina la baba, akaeleza ugonjwa wake. Wazee waliomjua waliinamisha vichwa.
Sasa mvua imepita. Chela amelala kwenye kochi, mguu mmoja unaning'inia. Kesho anaenda kupimwa. Ameamua mwenyewe. Nimempigia pasi blauzi ya bluu.